Yowe Bila Mwizi

Kosa langu la kwanza katika harakati lilikuwa kupiga yowe wakati hakuna aliyeibiwa. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata kuhusu maandamano ya watu wa nchi nyingine, na nilidhani yowe ni sauti tu, kama filimbi au ngoma. Kwetu mkoani Mara yowe si sauti. Ukilipiga, kila mwanaume mwenye miguu anaacha anachokifanya na kukimbilia alikolisikia, akiwa na fimbo au panga mkononi, kwa sababu ng'ombe wameibiwa au mtu amevamiwa. Asiyekuja anatozwa faini. Anayelipiga bure anatozwa kubwa zaidi. Mambo haya niliyajua kwa namna watu waliokulia mjini wanavyojua mambo ya kijijini kwao. Nilikuwa nimeyasikia yakisimuliwa wakati wa Krismasi. Sikuwahi kuyaona yakitendeka.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari Musoma mjini. Nilikuwa natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za paspoti na kuvisha vyeti plastiki. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sipendi kuyataja, na baada ya hapo kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Kiingereza nilijifunza kwa kusikiliza video na kurudia maneno peke yangu nikifagia duka. Kupanga mabango na kukata video nilijifunza hivyo hivyo. Shida ya kujifunza peke yako ni kwamba hakuna anayekuambia sasa inatosha. Kila nilichokifanya nilikiona kina kasoro ambayo mtu aliyesoma shule nzuri angeiona mara moja, kwa hiyo nilikirudia. Barua ya mteja ya mistari michache niliweza kuisahihisha mpaka mteja mwenyewe akaondoka na kwenda duka la jirani. Bosi wangu alikuwa ananiambia, "Wewe unaogopaga nini? Hiyo ni barua ya kuomba likizo."

Kwa njia hiyo hiyo ya simu niliingia kwenye mtandao wa vijana wa nchi nyingi. Tulikuwa tunadai haki katika masuala ya biashara ya dunia, madeni ya nchi maskini na mabadiliko ya tabianchi. Walikuwa wanakutana kwa video jioni, nami nilikuwa najiunga nikiwa nyuma ya kaunta. Kwa muda mrefu sikusema neno. Nilikuwa naandika swali langu, nalisahihisha, nalisoma kwa sauti ya chini, na nilipokuwa tayari kuuliza walikuwa wameshahamia jambo jingine. Hata hivyo sikukosa kikao hata kimoja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikia watu wakieleza kwa nini vitu vinaondoka kwetu kwa bei ndogo na kurudi kwa bei kubwa, na walieleza kana kwamba ni jambo linaloweza kubadilishwa.

Kisha mama akanipigia simu kutoka kijijini. Kijiji chetu kiko wilaya ya Butiama, chini ya mlima wa mawe ambao juu yake haishi mtu. Mama ni mjane. Baba alimwachia ng'ombe wachache, na wanachunga kwenye mlima huo, ambao ni wa kijiji kizima. Chini yake kuna lambo ambalo halikaukagi hata kiangazi kikali.

"Kuna watu wamekuja na gari," mama akasema. "Wanataka mlima."

"Kuununua?"

"Kukodi. Miaka mingi, mpaka wewe utakuwa na mvi. Wanapanda miti, halafu hewa ya hiyo miti wanaiuza Ulaya."

Nilimweleza kwamba inaitwa biashara ya hewa ukaa, kwamba viwanda vya mbali vinalipa ili miti ipandwe kwetu na vyenyewe viendelee kutoa moshi. Nilieleza kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, baba," akasema. "Sasa mlima ukifungwa, ng'ombe zangu nitazileta kwenye steshenari yako?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nalisema wazi kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau haraka: mama yangu angekosa pa kuchungia na pa kunyweshea. Mkutano mkuu wa kijiji ungeitishwa baada ya wiki chache ili wananchi wakubali au wakatae. Mimi nilisikia maneno "hewa ukaa" na "kampuni ya nje", na kichwa changu kikajaa dunia nzima.

Kwenye kikao cha video nilizungumza siku hiyo. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba nilimaliza na wakanipigia makofi kwenye skrini. Dada mmoja wa Ulaya aliyekuwa akituratibu alisema hadithi ya mlima wetu ndiyo hasa waliyoihitaji. Walikuwa wanapanga asubuhi moja ya kelele duniani kote, ambapo kila kundi lingetoa ishara ya hatari ya kwao. Wengine wangegonga sufuria, wengine wangepiga kengele za makanisa. Akaniuliza watu wa kwetu wanatoa ishara gani kukiwa na hatari. Nikajibu bila kufikiri: yowe. Nikaona watu wote kwenye skrini wanaandika.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilitaka kila kitu kiwe sahihi, nikaanza na bango. Mabango ya plastiki yapo tele Musoma, lakini niliona aibu kudai haki ya mazingira nikiwa nimeshika plastiki. Nikapanda basi mpaka Bunda kutafuta kitambaa cha pamba, kwa sababu Bunda ndiko pamba inakolimwa, na nilitaka niweze kusema kwamba hata bango letu limetoka kwenye udongo wetu.

Nilielekezwa kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alihamia Bunda kutoka Tabora. Nilipomwambia ninachotaka alivua miwani.

"Kitambaa cha pamba ya Bunda?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu, pamba inapita hapo barabarani kila msimu kwenye malori. Tunaipungia mkono. Kitambaa kinakuja na basi." Akavuta jora kutoka kwenye rafu. "Hiki kimetoka ng'ambo. Hiki nacho ng'ambo. Hiki cha Dar, lakini aliyekileta Dar amekitoa ng'ambo."

Nilisimama pale nikiwa nimepoteza sentensi niliyoitunga ndani ya basi. Mwishowe nilichukua kitambaa cha ng'ambo. Kisha ikaja kazi ya maneno. Nilitaka herufi za kushonwa. Nilianza na "Hewa Yetu Si Bidhaa", nikaona halieleweki. Nikabadili. Nikampigia fundi simu nikiwa nimerudi Musoma, nikabadili tena. Nikarudi Bunda na rula kupima nafasi kati ya herufi.

"Kitambaa hiki kimechoka kabla hakijaandamana," fundi alimwambia mteja mwingine mimi nikiwa nimeinama na rula. Mteja akauliza naandamania nini. Fundi akajibu, "Bado anatafuta herufi."

Maneno yaliyobaki yalikuwa "Mlima Wetu Hauuzwi". Usahihi wake ulinipa raha kwa siku nzima, mpaka nilipoanza kufikiria yowe.

Nilikwenda kijijini siku mbili kabla ya ile asubuhi ya kelele. Nilimweleza mama na majirani zake wawili waliokuwa wakimenya mihogo uani kwamba nataka kundi dogo lipande mlimani asubuhi, lishike bango, na mmoja apige yowe huku simu ikirekodi. Majirani walicheka. Mama hakucheka.

"Hiyo haipigwi bure," akasema.

"Si bure, mama. Wanataka kutuibia mlima."

"Nani amekuambia wameiba? Wameomba. Wewe unaenda kupiga yowe kwa mtu aliyeomba?"

Nikamweleza habari ya sufuria na kengele. Mmoja wa majirani akaniuliza kama huko kwa wazungu wenye sufuria watu wanakuja na mapanga. Nikasema hapana, wanakuja na sufuria. Wakacheka tena. Nilichukulia kicheko kile kama ruhusa, na maneno ya mama nikayachukulia kama woga wa mzazi. Nakumbuka nikiwaza kwamba hajui jambo hili ni kubwa kiasi gani. Naandika sentensi hiyo kwa shida.

Vijana watatu waliokubali kunisindikiza hawakutokea asubuhi hiyo. Baadaye niliambiwa wazazi wao waliwazuia. Nilipanda peke yangu. Nilifunga bango kwenye miamba miwili, nikaweka simu kwenye kistendi, nikajaribu mwanga, nikasogeza kistendi, nikarudia. Yowe nilikuwa nimelifanyia mazoezi Musoma nikiwa nimeziba mdomo kwa mto, kwa hiyo sikuwa nimewahi kulisikia likitoka lote. Lilitoka lote. Lilishuka bondeni, na kabla sijamaliza pumzi likajibiwa upande wa pili, kisha likajibiwa mbali zaidi, kijiji cha jirani. Hapo nilielewa kwamba siwezi kulirudisha.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu, mwanaume wa makamo aliyekuwa akilima na plau ya ng'ombe. Alikuwa amekimbia mlima ule wote.

"Wapi?" akauliza.

"Hapa."

"Ng'ombe za nani?"

"Hakuna ng'ombe."

"Mtu?"

"Hakuna."

Akashusha panga. "Sasa umepiga ya nini?"

"Ni ya maandamano."

Akageuka akawaambia waliokuwa wakipanda nyuma yake, "Anasema ni maandamano."

"Ya kwenda wapi?" sauti ikauliza kutoka chini.

Waliendelea kuja. Wengine walikuja na pikipiki mpaka mawe yalipowazuia, wakaziacha wakapanda kwa miguu. Alikuja mzee ambaye hakupaswa kukimbia kabisa kwa afya yake, akakaa kwenye jiwe akihema, watu wakimpepea kwa kofia. Mtu mmoja akasoma bango kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Nani ameuuza?"

"Bado haujauzwa," nikasema.

"Sasa kama bado?"

Nilikuwa na maelezo niliyoyaandaa, yenye mpangilio mzuri, kuhusu soko la hewa ukaa na wajibu wa nchi tajiri, na nilianza kuyasema. Nilisikia sauti yangu ikisema "ukoloni mpya" mbele ya watu waliokuwa bado wanatafuta kwa macho wezi wamekimbilia upande gani. Yule jirani wa plau akanikatisha. Alisema aliwaacha ng'ombe wake na nira shingoni. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama bondeni akamjibu kwamba hawapo tena pale alipowaacha. Walikuwa wameingia kwenye mawe na plau, na nira ilikuwa imevunjika.

"Wewe mura," mzee mmoja akaniambia, kwa neno ambalo huku kwetu huitiwa kijana wa kiume, "baba yako angekuwa hai ningemchapa yeye."

Walikaa palepale mlimani kuamua. Kati yao alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ambaye hakunitazama muda wote. Hawakuchukua muda. Faini ilikuwa mtamba mmoja, na nira ya jirani itengenezwe. Nilisema mimi sina ng'ombe, nipo mjini, ninaweza kutafuta pesa.

"Faini ya yowe inaliwa," baba mkubwa akasema, akitazama pembeni. "Watu wamekimbia. Pesa utamlisha nani hapa?"

Mama alifika wakati huo. Alikuwa amepanda polepole, na watu walimpisha. Baba mkubwa akamweleza kilichoamuliwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akanigeukia.

"Umekula asubuhi?"

Nikasema sijala.

"Shuka, kuna uji. Halafu ukawasaidie kumtoa yule mtamba wa rangi ya majivu."

Mtamba yule alichinjwa karibu na lambo, mchana uleule. Kwa hiyo maandamano yangu ya kuokoa malisho ya mama yalianza kwa kumla ng'ombe wake. Niliwasaidia kukusanya kuni. Hakuna aliyenitukana tena. Faini ikishatolewa jambo limeisha, na watu waliokuwa na hasira asubuhi wakaanza kunitania. Mmoja aliniomba nikija tena kutoka Musoma nipige tena, maana nyama ilikuwa nzuri.

Watu wa vijiji vitatu walikuwa wamekaa pamoja kando ya maji yale, na ni wazi kwamba wangezungumza jambo. Mama ndiye aliyeanza. Alikuwa akiosha utumbo, akasimama na mikono inayochuruzika.

"Huyu mnayemla alikuwa anakunywaga hapo," akasema. "Nataka mniambie wenzake mwakani watakunywa wapi."

Baadhi waliendelea kutafuna. Jirani wa plau ndiye aliyemjibu, na alimjibu vizuri. Alisema mlima ule tumeumaliza wenyewe, juu hakuna hata jani, mvua ikinyesha udongo wote unashuka kwenye mashamba. Wale watu wangepanda miti, na wamesema watajenga madarasa. Yeye ana watoto watano wanaokaa chini sakafuni shuleni. Kwa nini akatae?

Katika maelezo yangu yote hapakuwa na neno moja kuhusu mlima kuwa mtupu. Nilikuwa nimeangalia takwimu za nchi nyingine na sikuwa nimeangalia juu. Nilisubiri mtu ajibu kwa niaba yangu.

"Juu hakuna jani, kweli," mama akasema. "Chini lipo. Wapande huko juu. Huku kwenye maji watuachie, na njia ya kupitisha ng'ombe watuachie."

"Watakubali?"

"Si tuwaulize? Wao walituuliza."

Mazungumzo yaliendelea mpaka jua lilipopungua, watu wakibishana njia ya ng'ombe ipite wapi. Mimi nilikuwa nimekasirika. Ninakiri hili kwa sababu ni baya kuliko yowe. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwambia mama kwamba ameharibu msimamo. Huwezi kusema mlima hauuzwi halafu ugawe nusu.

"Msimamo wa nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Kesho yake mtendaji wa kata aliniita ofisini kwake kuandika maelezo, kwa kuwa nilikuwa nimekusanya watu bila kutoa taarifa. Nilikwenda nikiwa na hofu kwamba ningefikishwa polisi. Alinipa karatasi. Niliandika, nikaona mstari umepinda, nikaomba karatasi nyingine. Nilipoomba ya tatu aliweka kalamu yake mezani.

"Kijana, haya ni maelezo. Siyo mtihani."

Aliyasoma, akaniuliza kama nakusudia kurudia. Nikasema hapana. Akasema kijiji kimeshanila faini, yeye hana la kuongeza, akanifungulia mlango.

Ilibaki video. Simu ilikuwa imerekodi kila kitu mlimani: yowe, majibu yake ya mbali, kisha watu wakitokea kati ya mawe na mapanga, nyuso zao zikiwa na jasho, na nyuma yao bango langu lenye herufi zilizokaa sawasawa. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilimtumia dada wa Ulaya kipande kifupi kabla sijafikiri. Alijibu baada ya muda mfupi. Alisema amelia, kwamba hajawahi kuona jamii ikisimama kwa nguvu namna hiyo.

Nilimpigia nikamweleza ukweli: hawakusimama kwa ajili ya mlima, walikuja kusaidia aliyeibiwa, na walikuwa wamekasirika kwa sababu yangu. Akasema polepole, kwa wema, kwamba picha inabeba ukweli mkubwa zaidi hata kama tukio lenyewe lilikuwa tofauti. Tungeweka maelezo mafupi chini. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivi bila kejeli. Mara nyingi usiku alikuwa amenisaidia kunyoosha Kiingereza changu. Nilifikiria jirani wa plau akionyeshwa duniani kama mtu aliyebeba panga dhidi ya miti ambayo yeye mwenyewe anaitaka. Nikamwomba asiitumie. Akasema anaheshimu uamuzi wangu, na nadhani aliheshimu, ingawa baada ya hapo vikao havikunipa nafasi ya kusema mara nyingi kama zamani. Niliifuta video hiyo. Nilitamani kubaki na nakala kwa ajili ya ule mwanga wa asubuhi, na nikaifuta hata hivyo.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanja wa shule. Niliomba ruhusa kazini nikaenda, na nilikuwa na karatasi ya hoja, fupi safari hii. Mwenyekiti wa kijiji alipofungua alisema wasio wakazi wakae pembeni, watasikiliza lakini hawatachangia. Alisema akinitazama. Sikuwa nimeandikwa popote kijijini pale. Nilikuwa mkazi wa Musoma, mtoto wa mtu. Nilisimama kwenye ua wa minyaa pamoja na dereva wa lile gari la wageni, ambaye alinigawia karanga.

Walikuja wengi kuliko mwenyekiti alivyotegemea, na nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika kandokando ya lambo. Wakala wa kampuni alieleza mpango. Mama akanyoosha mkono, akasema yale aliyoyasema siku ile, kwa maneno machache zaidi na kwa kusitasita zaidi, maana kulikuwa na kipaza sauti, na yeye hakipendi. Jirani wa plau akamuunga mkono, kisha akadai madarasa yaandikwe kwenye mkataba. Mtu mwingine akataka mkataba uletwe kwa Kiswahili na usomwe pale pale kipengele kwa kipengele. Baba mkubwa akataka miaka ipunguzwe. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wapande sehemu ya juu, lambo na malisho ya chini yabaki, na njia ya ng'ombe iwekewe alama kabla ya mche wa kwanza.

Mimi ningepiga kura ya hapana kwa kila kitu. Bado sina hakika kama ningekosea. Bado naamini mtu wa mbali hapaswi kununua ruhusa ya kutoa moshi kwa kutumia mlima wetu, hata ile sehemu ya juu isiyo na jani. Lakini siku ile nilikuwa kwenye ua, na walioinua mikono walikuwa ndani.

Wakala aliandika, akasema atapeleka maoni kwa wakubwa zake. Mpaka ninapoandika haya hajarudi. Mama anasema huenda walitaka maji na si mlima, au huenda wamepata mlima mwingine usio na maswali. Ng'ombe zake bado zinakunywa pale, pungufu ya mmoja.

Nimeacha kazi Musoma. Nina chumba kimoja Butiama chenye mashine ya kopi, na nalala kwa mama. Vijiji vinavyoletewa mikataba ya Kiingereza vinaniita nikaisome kwa Kiswahili mbele ya watu. Naenda nikiitwa, nasoma, najibu ninachokijua, na wakati wa kura nakaa pembeni kwa kuwa si kijiji changu. Kwenye mtandao bado nipo, na bado nasahihisha sana kabla ya kutuma. Kijijini kwetu nimeandikwa mkazi. Kwenye mkutano uliopita nilinyoosha mkono kuhusu kamati ya maji, nikazungumza bila karatasi, nikakwama katikati, nikamalizia vibaya. Hoja yangu ilishindwa, nikakaa chini, na mkutano ukaendelea.